Mpunga Mrefu wa Baharia

Nang Bising aliwagawa watu kama alivyoyagawa magugu. Kulikuwa na watu ndago: unawang'oa juu, kumbe kiazi kimebaki chini kinacheka. Kulikuwa na watu magugu maji, wanaokwenda mfereji unakokwenda na wakifika huko wanauziba. Na kulikuwa na wabaya kuliko wote, wale wanaosimama katikati ya mpunga, wamevaa majani ya mpunga, wanainama upepo ukivuma kama mpunga unavyoinama, na siku ya mavuno hawana punje ya kumpa hata shomoro. Alipolitaja kundi hili la tatu, macho yake yalielekea nyumba ya marehemu Nong Takyo, yenye ukuta wa rangi ya waridi, ambamo siku hizi alikaa mwanawe, Renante.

Jina lake la kanisani ni Visitacion Palmares. Umri wake ulikuwa miaka sitini na mitatu, na kati ya hiyo hamsini na minne aliimaliza ameinama katika mashamba ya mpunga ya Iloilo, Ufilipino. Kila aliye mdogo kwake alimwita Nang, dada mkubwa, kama mwanamume mkubwa anavyoitwa Nong, na wengi walimwita hivyo kwa woga zaidi kuliko heshima, maana ulimi wake ulikata kuliko mundu. Wapaliliaji wenzake aliwadharau mmoja mmoja. Huyu anang'oa kwa kuangalia rangi, yule anang'oa kwa kubahatisha, yule mwingine anakata majani juu na kuacha mizizi kama kinyozi. Yeye aling'oa kwa kidole gumba. Kuna gugu linalofanana na mpunga hivi kwamba hata aliyezaliwa shambani hulipita, lakini mpunga wa kweli una kiulimi kidogo cheupe pale jani linapoungana na bua, na gugu hilo halina. Bising alipitisha gumba hapo bila hata kutazama, huku anazungumza, huku anamsema mtu, na mkono ukajua wenyewe wa kubaki na wa kuondoka.

Shamba la Nong Takyo lilikuwa sagod yake. Miaka thelathini na mmoja alilipalilia bila kulipwa chochote, na kwa sababu ya kazi hiyo ya bure, siku ya mavuno hakuna mwingine aliyethubutu kutia mundu humo ila yeye na watu wake, na katika kila magunia sita, moja lilikuwa lake. Hakuna aliyeandika makubaliano hayo popote. Magunia hayo ndiyo yaliyojaa chini ya kitanda chake mwaka mzima, ndiyo yaliyomsomesha binti yake ukunga, na ndiyo yaliyomfanya awaangalie watu wanaonunua mchele dukani, kilo mbili mbili ndani ya mfuko wa nailoni, kwa jicho la huruma iliyochanganyika na kichefuchefu. Kwake mtu wa namna hiyo hakuwa mwenyeji wa mahali popote. Alikuwa abiria.

Nong Takyo akafa mwezi wa tatu. Renante akarudi kumzika, na hakuondoka tena.

Bwana huyu alikuwa amemaliza miaka kumi na saba katika meli za watu, chini kwenye injini, akipaka vyuma mafuta. Alirudi na kitambi, mkufu wa dhahabu na maoni. Kila jambo alikuwa na maoni nalo: mfereji umechimbwa vibaya, padri anahubiri vibaya, baba yake alilima vibaya. Mwezi wa sita, mvua zilipoanza, alimfuata Bising kwenye tuta la shamba. Alivaa buti za mpira za manjano zinazofika magotini, na moja ilikuwa bado inaning'iniza karatasi ya dukani.

"Nang Bising," akasema, "msimu huu wewe pumzika."

"Nani kakwambia nimechoka, To?"

Mbele ya mwanamke aliyekuona ukinyonya, hata ukiwa na miaka arobaini na tano wewe ni To tu, kitoto cha kiume. Renante alitabasamu kwa uvumilivu.

"Si kuchoka. Mambo yamebadilika. Hatupandikizi miche tena. Watu kumi wanainama siku tatu, za nini? Tunamwaga mbegu moja kwa moja. Tunaanza alfajiri, saa tatu tuko kwenye kahawa. Na majani, kuna dawa."

"Dawa yako ina macho?"

"Macho ya nini, Nang? Majani ni majani."

"Majani ni majani," Bising akarudia polepole, kama mtu aliyeonjeshwa mchuzi uliochacha na anataka kuhakikisha. "Na sagod yangu?"

"Sagod ni ya anayepalilia, sivyo? Sasa hakuna kupalilia." Alilisema hilo kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma Bising kuliko tusi. "Lakini sijakusahau. Shika."

Akamkabidhi mfuko. Ndani mlikuwa na makopo mawili ya nyama na kipande cha sabuni yenye harufu ya maua. Hayo ndiyo malipo ya miaka thelathini na mmoja. Nyama Bising alimpa jirani. Sabuni alimwogeshea mbwa, akamwogeshea nje, barabarani, mchana, ili watu waone.

Mbegu yenyewe Renante hakuinunua mahali panapouzwa mbegu. Aliuziwa kwa bei chee na mtu waliyekutana naye uwanja wa jogoo wa kupigana, ambako alikwenda kila Jumapili baada ya misa na mara nyingine badala ya misa. Mtu huyo alimwambia ni mbegu ya ajabu. Mtu akiwa na maoni mengi hivyo, kumdanganya ni kazi nyepesi: mwambie tu anachokipenda. Mbegu ikamwagwa. Dawa ikapulizwa na Wilmar, mlevi mpole ambaye alibeba bomba mgongoni na kupulizia akirudi nyuma, akikanyaga alikokwisha kupulizia. Baada ya wiki mbili ndago zikageuka manjano, lile gugu lisilo na kiulimi likanyauka, na shamba likabaki kijani tupu kama zulia. Ni haki kusema dawa ilifanya kazi yake. Renante akapiga picha na kuwatumia wenzake wa meli.

Bising alipita pale kila siku, maana njia ya kwenda kisimani inapita juu ya tuta, na kama isingepita angeipitisha. Alitafuta kosa. Siku ya arobaini akalipata.

Alikuwa na Sorsing, aliyepalilia pamoja naye tangu wote wawili wakiwa wasichana, mwanamke mnene, mpole, ambaye Bising alimdharau kwa mapenzi.

"Day, mdogo wangu, simama," Bising akasema. "Ona pale. Na pale. Na kule karibu na mfereji."

"Naona mpunga."

"Wewe mwaka gani umeona kitu wewe! Tazama rangi. Huo umepauka. Tazama urefu, umeanza kuwapita wenzake. Jani pana, shina limetawanyika chini kama mguu wa bata." Akachuchumaa, akanyoosha mkono, akapitisha gumba. Kiulimi kilikuwepo. Akatabasamu tabasamu ambalo Sorsing hakulipenda. "Ni mpunga mwitu."

Sorsing akashika kifua. "Mama yangu. Wote ule?"

"Katika kila mashina matano, moja. Umekuja na ile mbegu ya jogoo. Na dawa haiugusi, Day, maana ni ndugu wa mpunga: ukiuua huu umeua na ule. Huu unataka mkono. Unataka macho."

Anayelima mpunga haambiwi maana yake. Mpunga mwitu hutoa suke mapema, punje zake zina nywele nyekundu, na kabla wenzake hawajaiva wenyewe umeshapukutisha kila kitu matopeni. Punje hizo hulala chini mwaka, miaka miwili, mitano, zinaamka zikitaka. Shamba lililoachiwa msimu mmoja tu huhitaji misimu mitano kulisafisha.

"Bado wiki tatu ndipo utoe suke," Sorsing akasema. "Mimi na wewe tukiingia kesho, wiki mbili tumemaliza. Mwambie, Nang."

"Nimwambie nini? Majani ni majani."

"Atapoteza shamba."

"Atapoteza mavuno. Shamba haliendi popote." Bising alikuwa ameshapanga kila kitu pale pale kwenye tuta. "Ataona kwa macho yake. Atalia. Halafu atakuja kwangu na kichwa chini, aseme, Nang Bising, nisaidie, na mimi nitampa kiti, nitamnywesha kahawa, nitamwachia aongee mpaka kahawa ipoe. Kisha nitamwambia: sagod yangu inarudi, na safari hii si gunia moja kwa sita. Ni moja kwa matano."

"Na akiuliza mbona hukusema?"

"Mwenye macho haambiwi tazama."

Basi akanyamaza, mtu ambaye hajawahi kunyamaza. Alinyamaza kwa bidii. Alikuwa akibeba ndoo yake juu ya tuta, anasimama, anatazama mpunga mwitu ukirefuka, na moyo wake unajaa raha. Hakuwahi kuona gugu likimpendeza kabla ya siku hizo. Sorsing alimwambia tena, na mara ya tatu, na mara ya nne akaacha, maana Bising alimuuliza kama naye anataka kopo la nyama.

Renante naye aliuona ule mpunga mrefu. Aliuona, akaupenda. Ulimpita kiuno, ukatangulia kutoa suke wakati mashamba ya majirani yalikuwa bado na mimba. Akaleta wageni wakaupige picha. Akaleta utepe mwekundu kutoka dukani, akaingia na buti zake za manjano, akayafunga utepe yale mashina marefu kuliko yote, kwa sababu hayo, alitangaza, ndiyo atakayoyahifadhi yawe mbegu ya mwaka ujao. Watu wakatazamana. Wengine walielewa. Lakini shamba si lao, sagod si yao, na aliyekuwa na haki ya kusema alikuwa anapita na ndoo yake kama kiziwi. Tulisubiri aseme. Kijijini kwetu kila mtu ana sababu ya kusubiri mwingine aseme.

Siku moja Renante alimwona, akatoka katikati ya shamba, akapanda tuta. Akavua kofia. Jasho lilimtiririka, na karibu naye, bila kofia, alifanana na baba yake kiasi kwamba Bising aliondoa macho.

"Nang," akasema, "wewe umekaa na shamba hili kuliko mimi. Hebu niambie kweli. Huu mrefu, unauonaje?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pake. Maneno yalikuwa mawili tu: ni gugu. Masuke yalikuwa yametoka lakini punje zilikuwa bado maziwa. Siku sita, saba, kwa watu wanne wanaojua, na angalau nusu ya msimu ingeokolewa. Mtu amevua kofia mbele yako, anauliza, anangoja. Na Bising akakumbuka sabuni.

"Mimi ni wa kupalilia tu, To. Kaulize dawa yako."

Akainua ndoo yake, akaenda. Nyuma yake alimsikia Renante akicheka kidogo, cheko la mtu asiyeelewa kama ametukanwa. Nyumbani Bising alimsimulia Sorsing mara mbili, akiiga jinsi alivyovua kofia. Sorsing alikuwa anachambua mboga za supu na hakuinua kichwa.

"Alikuuliza, Nang," akasema tu.

"Aliuliza nini? Alitaka sifa."

Mpunga mwitu ukaiva, ukapukutika. Ukipita mchana wa jua kali uliweza kuzisikia punje zikidondoka. Shomoro walishiba mpaka wakawa wanatembea. Renante alipoleta mashine ya kuvuna, nusu ya masuke yalikuwa nywele tupu, na mchele uliotoka kinuni ulikuwa mweupe kwa mwekundu, kama uliomwagiwa kutu. Mwenye kinu aliushika kiganjani, akaupuliza, akaurudisha ndani ya gunia.

Bising alingoja siku tatu, adabu inavyotaka. Renante hakuja. Akangoja nyingine nne. Kahawa ilikuwa tayari, kiti kilikuwa kimepanguswa. Siku ya nane akavaa gauni lake la misa, akaenda mwenyewe kwenye ile nyumba ya waridi, na njiani akaipunguza hotuba yake, maana mtu aliyeangushwa haongezwi teke refu.

Hakumkuta analia. Alimkuta barazani na penseli, anachora pembetatu ndogo ndogo kwenye karatasi, mistari na mistari.

"Nang Bising! Karibu, kaa. Umepita wakati mzuri."

"Nimesikia habari za mavuno, To. Pole."

"Ah, hayo." Akapunga penseli. "Kilimo ni upuuzi, Nang, samahani kukwambia wewe. Mtu unangoja miezi minne ili uambulie aibu. Nimeachana nacho. Tazama." Akamgeuzia karatasi. "Majogoo. Vibanda mia mbili, kila jogoo na kibanda chake, kafungwa mguu. Nina mshirika, yule bwana wa mbegu, ana damu nzuri ya jogoo. Trekta linakuja Jumatatu kujaza kifusi."

Bising aliitazama karatasi. Katika hesabu zake zote aliweka kila kitu: hasira, aibu, njaa, machozi. Kitu kimoja hakukiweka, kwa sababu hakikuwahi kumpitia mtu yeyote aliyemjua. Hakudhani kwamba mtu anaweza kushindwa na shamba la baba yake na asirudi kwake. Wakulima aliowadharau maisha yake yote, wavivu, walevi, wajinga, wote walirudi. Walirudi kwa sababu walikuwa wakulima. Huyu alikuwa abiria.

"Kifusi," akasema. "Juu ya mpunga."

"Mpunga gani, Nang? Umebaki mpunga gani?"

Hotuba yake ikabaki ndani ya gauni la misa. Trekta lilikuja Jumatatu, na kwa mara ya kwanza katika maisha ya Renante, kitu alichokisema kikatokea siku aliyoisema.

Vibanda mia mbili vipo mpaka leo, vya mabati, vimekaa safu safu kama kofia za Wachina zilizopangwa, na chini ya kila kimoja jogoo kafungwa mguu anamtukana jirani yake. Ni kelele za mtu kupoteza akili. Majogoo hawataki nyasi ndefu miguuni, kwa hiyo lazima mtu azing'oe, na dawa hairuhusiwi kwa sababu jogoo mmoja ana thamani kubwa kuliko mpaliliaji. Renante hakuwa mtu mbaya. Alimpa kazi hiyo Bising, kwa ujira wa siku. Na yeye, magunia ya chini ya kitanda yalipokwisha, aliikubali.

Mwezi wa pili, karibu saa tano asubuhi, alikuwa amechuchumaa kati ya safu mbili za vibanda. Juu ya waya wa uzio alikuwa ametundika mfuko wake wa nailoni, kilo mbili za mchele kutoka dukani, ameufunika na kanga yake ili wapitao wasiuone. Renante alikuja na jogoo kwapani, anamsugua shingo, akasimama ghafla.

"Nang! Huo si mpunga? Umeota wenyewe hapa?"

Kwenye ukingo ambako kifusi kilikuwa chembamba, shina moja lilikuwa limesimama, refu, limepauka, suke lake limejaa nywele nyekundu.

"Si mpunga," Bising akasema. "Ni mpunga mwitu. Ni gugu."

Na kwa kuwa mkono wake ulikuwa umezoea kufundisha hata pale mdomo ulipokuwa ukidharau, alimwonyesha. Rangi hii. Jani hili. Nywele hizi. Akaligusa suke kwa kidole kimoja, punje zikaanguka zenyewe. Akaisugua moja kati ya vidole viwili mpaka ganda likatoka, akamwekea kiganjani: nyekundu. Haikuchukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa.

Renante aliitazama punje. Polepole uso wake ukabadilika.

"Ndio ule," akasema. "Niliofunga utepe."

"Ndio ule."

"Na ungeweza kutolewa?"

"Kabla ya suke. Mimi na Sorsing, wiki mbili. Hata suke lilipotoka, tungeokoa nusu."

Jogoo alipiga mbawa kwapani, Renante akambana bila kumwangalia. Kwa mara ya kwanza tangu arudi alionekana hana maoni.

"Sasa mbona hukuniambia, Nang?"

"Hukuniuliza," ulimi wa Bising ukatangulia, kama ulivyozoea.

"Nilikuuliza," Renante akasema, bila hasira. "Hapa hapa. Nilivua kofia."

Bising akainama, akalishika lile shina chini kabisa, akaling'oa na mizizi yake yote. Punje zikamwagika, na majogoo wa kulia na kushoto wakavuta kamba zao kuzigombania.